Watu Wazima Katika Timu ya Chuo

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo wa Kanda ya Kati)



Leo tutazungumza juu ya michezo. Tukisema michezo, wengi wenu mawazo yanakwenda kwenye mpira wa miguu, maana ndio unaotangazwa redioni kila siku. Lakini leo tunataka kusema juu ya timu ya riadha ya chuo kimoja cha mbali, kule Marekani. Katika wachezaji wakubwa wa siku zote wa chuo hicho wamo Watanzania. Na Watanzania hao hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima waliokaa darasani, kama mlivyokaa ninyi.

Chuo chenyewe ni Chuo Kikuu cha Texas kilichoko mji wa El Paso, mpakani kabisa na nchi ya Meksiko. Mkitaka kujua mji ule ulivyo, tazameni hapo nje. Uko juu kiasi cha meta 1,100 kutoka usawa wa bahari, karibu sawa na Dodoma mjini. Ni nchi ya jua kali, vumbi, miiba na milima ya mawe. Mvua yao ya mwaka mzima haifiki nusu ya mvua yetu, na sisi wenyewe tunajua yetu ilivyo chache. Kwa hiyo Mtanzania aliyefika kule hakushangazwa na ukame. Alishangazwa na mengine.

Chuo kilianza mwaka 1914, kikiwa shule ya kufundisha kazi ya madini. Ndiyo maana hata leo timu zake zinaitwa Wachimba Madini.

Kabla ya kufika kwa watu wetu, chuo hicho kilikuwa kimekwisha jipatia jina kwa jambo moja kubwa. Mwaka 1966 timu yake ya mpira wa kikapu iliingia fainali ya vyuo vya Marekani yote. Wakati ule vyuo vingi, hasa vya kusini, vilikuwa havitaki wachezaji weusi. Kocha wa El Paso, Don Haskins, alianza fainali ile na wachezaji watano, wote weusi. Wapinzani wao, Kentucky, walikuwa weupe watupu. El Paso wakashinda kwa pointi 72 kwa 65. Baada ya siku ile vyuo vilivyokuwa vimefunga milango vikaanza kuifungua, kimoja kimoja.

Msidhani lakini kwamba mambo yalinyooka. Mwaka 1968 chuoni hapo alikuwapo mrukaji mmoja, Bob Beamon. Yeye na wenzake weusi walikataa kushindana na chuo kingine ambacho kanisa lake wakati ule liliwatenga watu weusi katika mafundisho yake. Kwa kukataa huko, waliondolewa katika timu. Miezi michache baadaye Beamon alikwenda Mexico City kwenye Michezo ya Olimpiki, akaruka meta 8 na sentimeta 90. Pimeni hapo uwanjani kwa hatua zenu kubwa, muone ni wapi mtu huyu alitoka na wapi aliangukia. Rekodi ile ilikaa miaka 23. Katika Olimpiki ileile ndipo John Stephen Akhwari wetu, mtu wa Mbulu, alipomaliza marathoni akichechemea, mguu umefungwa bandeji, watu wengi wamekwisha ondoka uwanjani.

Haya, sasa tuje kwenye mbio.

Miaka ya 1970 kocha wa riadha pale El Paso alikuwa Ted Banks. Yeye alitafuta wakimbiaji Afrika. Chuo kilimlipia mkimbiaji ada, chakula na mahali pa kulala. Naye aliikimbilia timu. Lakini kulikuwa na sharti: lazima usome. Alama za darasani zikishuka mno, huna ruhusa ya kushindana, hata kama una mbio za swala.

Mchezo uliowapa sifa zaidi ni mbio za nyika. Hizi hazikimbiwi uwanjani, zinakimbiwa porini, kwenye majani na vilima. Kila chuo huleta watu saba, na watano wa kwanza wa chuo hicho ndio wanaohesabiwa. Wa kwanza kufika hupata 1, wa pili 2, wa tatu 3, na kuendelea. Kisha namba za watano hao zinajumlishwa. Chuo chenye jumla ndogo ndicho kilichoshinda. Chukueni kalamu: 1 na 2 na 3 na 4 na 5, jumla yake ni 15. Chini ya hapo haiwezekani. Basi mwaka 1981, katika mashindano ya vyuo vya Marekani yote, El Paso walipata 17! Maana yake watu wao watano walifika karibu wote pamoja, mbele ya vyuo vyote vya nchi ile kubwa. El Paso walikuwa mabingwa mwaka 1975, 1976, kisha 1978, 1979, 1980 na 1981.

Timu ile ilikuwa kama Afrika ndogo. Alikuwapo Michael Musyoki wa Kenya, ambaye baadaye, mwaka 1984, alipata nishani ya shaba ya Olimpiki. Alikuwapo Mathews Motshwarateu wa Afrika Kusini, aliyekuwa wa kwanza katika mbio zile za 1981. Huyu siasa ya ubaguzi ya nchi yake ilimfungia njia, maana Afrika Kusini ilikuwa imetengwa katika michezo ya dunia. Chuoni aliweza kukimbia, Olimpiki hakuweza.

Na walikuwapo Watanzania. Mkubwa wao ni Suleiman Nyambui.

Nyambui alizaliwa mwaka 1953 huko Majita, mkoa wa Mara. Mwaka 1979 alishinda mbio za meta 10,000 za vyuo vya Marekani. Mwaka 1980 akashinda tena. Mwaka 1981 akashinda. Mwaka 1982 akashinda. Mara nne mfululizo! Mwanafunzi hukaa miaka minne tu katika timu, kwa hiyo Nyambui hakuwaachia wenzake hata mwaka mmoja. Mwaka 1980 alikuwa pia wa kwanza katika mbio za nyika.

Mwaka huohuo wa 1980 alikwenda Moscow kwenye Olimpiki. Tarehe 31 Julai Filbert Bayi, mtu wa Karatu, alipata nishani ya fedha katika mbio za meta 3,000 za kuruka viunzi na maji. Aliongoza kwa mbali, wakamkuta mwishoni. Kesho yake, tarehe 1 Agosti, Nyambui aliingia meta 5,000. Alifika wa pili nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Tofauti yao haikufika sekunde moja. Nishani hizo mbili za siku mbili ndizo pekee ambazo Tanzania imepata katika Olimpiki mpaka leo. Na Bayi naye alipata kusoma chuo hichohicho cha El Paso.

Yuko mwingine ambaye sisi wa kanda hii tunamwona kama jirani. Huyu ni Gidamis Shahanga wa Katesh, chini ya mlima Hanang. Wafanyabiashara wa ng'ombe waliopo hapa wanapajua. Mwaka 1978, kabla hajatimiza miaka 21, alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton, Kanada. Marathoni ni kilometa 42 na ushei. Mtu mwenye miguu mizuri akianza kutembea alfajiri atafika alasiri. Shahanga alitumia saa 2 na dakika 15. Mwaka 1982, kule Brisbane, Australia, alishinda meta 10,000, na aliyemfuata nyuma, pungufu ya nusu sekunde, ni Mtanzania mwenzake Zakaria Barie. Wote wawili walipata kuikimbilia El Paso.

Najua mtauliza: na Juma Ikangaa je? Ikangaa ni mtu wa kanda yetu ya kati, nasi tunajivunia. Katika michezo ile ya Brisbane alikuwa wa pili marathoni, na mwaka 1989 alishinda marathoni ya New York. Lakini hakuwa wa timu ya El Paso. Yeye alikuwa ofisa wa jeshi. Ila kuna jambo moja la kumkumbuka hapa. Mwaka 1988 kule Boston alishindwa kwa sekunde moja tu na Ibrahim Hussein wa Kenya. Hussein naye alitoka chuoni, Chuo Kikuu cha New Mexico, jimbo la jirani na El Paso.

Sasa tufike kwenye ugomvi, maana ugomvi ulikuwapo.

Wamarekani wengi walinung'unika. Walisema El Paso wanaleta watu wazima kushindana na vijana wetu wa miaka 18. Fanyeni hesabu: 1982 toa 1953. Nyambui alikuwa na miaka 29 aliposhinda mara ya nne. Baadaye vyuo viliweka kanuni ya umri, kwamba mtu aliyekwisha shindana sana baada ya kutimiza miaka 20 apunguziwe muda wake wa kukimbilia chuo.

Sisi tunaonaje? Kwa upande wa mbio, manung'uniko yale yalikuwa na haki kidogo. Mtu wa miaka 27 ana mapafu na subira ambayo kijana hana. Lakini kwa upande wa darasa tunakataa kabisa. Mtu hapimwi umri mlangoni mwa darasa. Wapo hapa akina mama waliochekwa njiani wakienda kisomo, ati mtu mwenye wajukuu anashika daftari. Kule El Paso pia walikuwapo watu wazima wenye ndevu, wameketi dawati moja na vijana wadogo, wanasoma kwa lugha iliyo ya tatu kwao, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Asubuhi mbio, mchana darasa, jioni mbio tena. Tukisema kweli, mbio za meta 10,000 ndizo zilizokuwa sehemu rahisi ya siku.

Tulipoeleza habari hizi katika kijiji kingine, mzee mmoja alisimama akatuuliza: “Ninyi watu wa elimu, kijana wangu ana mbio. Mbio zinaleta fedha. Shule ya nini tena? Si aende tu?”

Ni swali zuri, wala hatukulidharau. Lina haki yake. Mtama unakauka shambani, kijana ana kipaji, nani hataki mwanawe aende? Tulimjibu hivi.

“Mzee wetu, Nyambui aliendelea kukimbia, akashinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988. Kisha miguu ikachoka, kama miguu yote inavyochoka. Lakini alikuwa na elimu yake. Akafundisha wakimbiaji wengine, akapata kuwa Katibu Mkuu wa chama cha riadha cha taifa letu. Bayi alifungua shule, zinaitwa kwa jina lake, na kwa miaka mingi alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki ya Tanzania.”

Kisha tukamweleza habari za Henry Rono.

Rono alikuwa Mkenya, mtu wa Nandi. Yeye hakuwa wa El Paso, alikuwa mpinzani wao, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Mwaka 1978, tangu tarehe 8 Aprili mpaka 27 Juni, alivunja rekodi nne za dunia: meta 5,000, meta 3,000 za viunzi na maji, meta 10,000, na meta 3,000. Ni siku 81 tu. Hatujui mtu mwingine aliyefanya hivyo. Mwaka 1976 na 1980 Kenya haikushiriki Olimpiki, kwa hiyo Rono hakupata nishani hata moja huko.

Halafu pombe ikamshika. Fedha za mbio zikaisha. Kuna wakati alilala katika nyumba za kuhifadhi watu wasio na makao, mtu ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa mara nne katika vitabu vya rekodi. Aliosha magari. Alibeba mizigo ya wasafiri katika uwanja wa ndege wa Albuquerque. Miaka mingi ilipita hivyo. Mwishowe aliacha pombe, akafundisha watoto shuleni, akafundisha wakimbiaji, akakaa chini akaandika habari za maisha yake mwenyewe. Kitabu kilitoka mwaka 2007, miaka 29 baada ya zile siku 81. Alirudi kwao Kenya mwaka 2019, akafariki Februari 2024.

Yule mzee alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama kitabu hicho kinapatikana kwa Kiswahili. Tulimwambia kimeandikwa kwa Kiingereza.

“Basi,” akasema, “kijana akishakijua hicho Kiingereza, atanisomea.”