MTANDAO NA MBOLEA YA RUZUKU: MANENO YA KATIBU WA TAWI, CHITETE



Leo nina la mtandao. Tangu msimu wa 2022/2023 mbolea ya ruzuku haitoki bila mfumo. Mkulima anakwenda na namba yake, wakala anaihakiki kwa simu, na simu hiyo inataka intaneti. Mtandao ukikatika, mifuko ipo dukani lakini mkulima anarudi mikono mitupu, na nauli ya bodaboda imeshakwenda. Mahindi hayasubiri.

Mei 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ilisaini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Ni kazi kubwa, tuipongeze. Ila mnara kusimama si intaneti kufika. Unaweza kupiga simu vizuri, ukiwasha data inazunguka tu. Kwa hiyo tukipeleka hoja tusiseme "mtandao mbovu" tukaishia hapo. Tuseme kitongoji gani, laini ipi, saa ngapi, ni kupiga au ni data.

Anayesoma ujumbe huu anao mtandao. Tunaowatafuta hawatauona. Basi pita kwa jirani, muulize, andika kwenye karatasi. (Na wanaotuma video za vichekesho humu, mnamaliza bando za wenzenu.)

Karatasi zifike ofisi ya tawi kabla ya Ijumaa jioni, tumkabidhi Mheshimiwa Diwani aende nazo kwenye Baraza.

Katibu wa Tawi