Dau la Kuwahi katika Mchezo wa Briji

Wasikilizaji wetu, mtu aliyelala Benaco, ambako malori hupumzika kabla ya kufika daraja la Rusumo, akacheza karata za turufu hata usiku ukapita, huyo nusu ya briji anayo tayari. Nusu iliyobaki ni mnada, uliopangwa upya na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925. Watu wanne, wawili kwa wawili, hutaja kwa zamu turufu waitakayo na mizunguko watakayokula. Sita ya kwanza haitajwi. Asemaye “kopa tatu” ameahidi tisa. Ngazi za mnada ni 35.

Tuseme umepata kopa saba, mfalme, malkia na ghulamu zikiwamo, na kwingineko huna kitu. Wenye hadhari hupita kimya. Sisi twaona yafaa kufungua papo hapo kwa kopa tatu. Kwa neno hilo moja ngazi 13 zimekwisha, na adui mwenye ree na wafalme hana tena nafasi ya kuulizana na mwenziwe polepole: ama anyamaze na mali yake, ama apande gizani.

Gharama ipo. Kopa zako zala mizunguko sita. Mwenzi akikuongezea mmoja, umepungukiwa na miwili, na adui akiwa ametaka adhabu maradufu walipa 300. Lakini shupaza nne zao zingewapatia 420 kwa uchache. Upande wako ukiwa hatarini, kupungukiwa huko ni 500, nayo biashara imekwisha haribika.

Tumwogopaye zaidi ni mwenzi. Aona kopa moja tu mkononi mwake, akimbilia turufu nyingine kana kwamba aokoa mtu majini! Asifanye hivyo. Na ahesabu ree na wafalme, kwa maana malkia wa pembeni hula kwa nadra. Akiwa na kopa tatu na karata dhaifu, apande mara moja hata kopa nne: saba na tatu ni kumi, na kumi ndiyo mizunguko itajwayo, na njia ya adui yazidi kuzibwa. Mfunguzi naye amekwisha sema yote. Hata adui wakipanda, asirudi mnadani, ila amwachie mwenziwe.

Adui wakiuliza maana ya dau hilo, mwenzi awaeleze waziwazi, kwani mapatano ya siri hayaruhusiwi mezani.