Ngoma ya Mkuki Usiokuwapo



Ni ada ya mji huu wa Sydney kwamba mkutano wa hadhara haufunguliwi mpaka msemaji awataje Wagadigal, wenyewe wa ardhi hii tuliyoikalia, na kuwapa taadhima wazee wao waliopita na walio hai. Nami nimeitimiza ada hiyo kwa moyo safi. Walakini, kwa kuwa nimealikwa kunena juu ya siasa, rangi na burudani za umma, sina budi kuuliza imekuwaje halaiki iliyozoea kuyasikiliza maneno hayo kwa adabu kabla ya mpira ikamzomea mwana wa wenyeji wa asili kila aushikapo mpira huo.

Namkusudia Adam Goodes, Mwadnyamathanha na Mnarungga kwa nasaba, aliyeichezea Sydney Swans mechi 372, akatwaa nayo ubingwa mwaka 2005 na 2012, na kutunukiwa mara mbili nishani ya Brownlow, ambayo ndiyo fakhari kuu ya mchezaji wa kandanda ya Kiaustralia. Mwezi Mei 2013, huko Melbourne, msichana wa miaka 13 alimwita sokwe kutoka jukwaani. Goodes akamwonyesha kwa kidole, walinzi wakamtoa, na kesho yake yeye huyo huyo aliyetukanwa akawasihi watu wasimwandame mtoto, bali wamsaidie. Januari 2014 alitangazwa kuwa Mwaustralia wa Mwaka, akaitumia heshima hiyo kusema waziwazi juu ya ubaguzi; na kuanzia hapo zomeazomea ikazidi kupamba moto.

Usiku wa tarehe 29 Mei 2015, katika Uwanja wa Kriketi wa Sydney, wakati wa raundi maalumu ya kuwaenzi wenyeji wa asili, alifunga goli dhidi ya Carlton, akawaelekea mashabiki wa mahasimu wake, akacheza hatua chache za ngoma ya vita aliyosema amejifunza kwa vijana wa chini ya miaka 16, kisha akainua mkono na kurusha mkuki ambao haukuwapo. Kwa siku nyingi baadaye magazeti na redio zilibishana juu ya mkuki huo kana kwamba umemchoma mtu.

Sisi tuliotoka pwani ya Afrika Mashariki hatuna haki ya kuistaajabia ghadhabu hiyo, maana wazee wetu walicheza ngoma ya beni, kundi la Marini kwa la Arinoti, kwa gwaride na vyeo vya kijeshi, na wakubwa wa serikali ya Kiingereza, ambao wenyewe walipenda gwaride kupita kiasi, wakawatilia shaka kwamba nyuma ya tarumbeta lipo jambo. Naye Siti binti Saad, aliyezaliwa katika utumwa, aliimba mambo ya mahakama za Unguja ambayo wenye vilemba waliyanong'ona tu. Burudani ya mnyonge huachwa iendelee mpaka mwenye nguvu atambue kwamba imemlenga yeye.

Waliomzomea Goodes aghalabu walikana katakata kuwa rangi ilihusika. Walidai kwamba hujiangusha kwa hila ili apewe mipira ya adhabu, na kwamba wachezaji wengine wenye asili kama yake hawakuzomewa hivyo. Naisadiki nusu ya hoja hiyo, nayo ndiyo nusu inayowahukumu. Ngozi peke yake haikuzomewa. Ilizomewa ngozi iliyosema. Laiti angalishinda, akatabasamu na kunyamaza, wangalimbeba mabegani hadi siku ya kustaafu.

Na hili latuhusu sisi wahamiaji wa Kiafrika. Mwaka 2016 watazamaji wa maonyesho ya picha ya Archibald hapa Sydney waliipigia kura picha ya Deng Adut, iliyochorwa na Nick Stathopoulos, ikawa kipenzi cha umma; naye Adut ni mzaliwa wa Sudan Kusini, aliyetiwa jeshini utotoni, akapitia Kenya, akafika nchi hii mwaka 1998, akasomea sheria na kuwa wakili Blacktown. Januari 2018 waziri Peter Dutton akasema watu wa Melbourne wanaogopa kwenda mikahawani usiku kwa sababu ya magenge ya Waafrika. Uso uliotundikwa ukutani hupendwa kwa wepesi, kwani haujibu.

Ndiyo maana siwaelewi wale jamaa wanaosema barazani kwamba mambo ya wenyeji wa asili si yetu, sisi tumekuja kutafuta riziki. Katika kura ya maoni ya tarehe 14 Oktoba 2023, yapata asilimia 60 ya wapiga kura walikataa wenyeji hao wapewe chombo cha kuishauri serikali na bunge kwa mujibu wa katiba, na mitaa mingi ya wahamiaji magharibi ya Sydney ilikuwa miongoni mwa iliyokataa. Sauti aliyonyimwa mwenye nyumba, mpangaji ataidai kwa hoja gani?

Goodes alistaafu Septemba 2015. Mwaka 2019 chama cha ligi na vilabu vyote 18 vilimwomba radhi, maneno yakiwa mazuri na mechi zikiwa zimekwisha. Kisha chama hicho kikataka kumwingiza katika Ukumbi wa Watu Mashuhuri wa kandanda hiyo. Mwaka 2021 ikatangazwa kwamba amekataa.