Kiharusi Hakikai Kichwani Peke Yake
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimetakiwa niseme machache juu ya afya. Mimi si daktari, ni mtumishi wa serikali. Lakini rika letu limeanza kuzikana kwa ajili ya kiharusi, kwa hiyo jambo hili latupasa sote. Uchunguzi uliofanywa Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kwamba, baada ya kusawazisha umri wa watu, kiharusi kilikuwa kingi Dar es Salaam karibu mara tatu kuliko Hai. Sisi tuliokimbilia mijini tutafakari.

Katika madaftari yetu ya bayolojia moyo ulikuwa na sura yake na ubongo sura yake. Mwili haugawanyiki hivyo. Moyo unaopiga bila mpango huiacha damu itulie ndani yake na kuganda; bonge likifika kichwani huziba mshipa, na mtu akapooza. Kinyume chake pia ni kweli: ubongo ukiumia, neva na homoni huusukuma moyo kupita kiasi, hata misuli yake ikadhurika.

Hayo hujulikanaje? Ndani ya misuli ya moyo mna protini iitwayo troponini. Misuli ikiumia, protini hiyo huvuja ikaingia katika damu, nayo hupimwa. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa wagonjwa wa kiharusi wenye troponini nyingi hufa zaidi, au hubaki na ulemavu mkubwa zaidi, kuliko wenzao.

Je, wote hao wana mshipa wa moyo ulioziba? Mwaka 2016 madaktari wa hospitali ya Charité, Berlin, walitangaza matokeo yao. Walichukua wagonjwa 29 wa kiharusi wenye troponini nyingi, wakawalinganisha na wagonjwa 29 wa shambulio la moyo, umri na jinsia zikilingana. Walipopiga picha mishipa ya moyo, waliona mahali penye kuleta shambulio kwa wagonjwa 23 wa moyo, lakini kwa 7 tu wa kiharusi. Wagonjwa 15 wa kiharusi hawakuwa na ugonjwa wowote ulioonekana katika mishipa hiyo. Idadi ni ndogo, lakini fundisho ni kubwa.

Vijana, mnaijua kengele ya shule. Ikigongwa saa isiyo yake, haisemi kama kuna moto au kuna mgeni. Inasema tokeni mkatazame. Troponini ni hivyo. Daktari hawezi kukimbilia tu dawa za kuzuia damu isigande, maana zaweza kuleta damu kuvuja ubongoni. Wala hawezi kuipuuza. Atapima tena baada ya saa chache: ikipanda, moyo unaumia sasa hivi, ikisimama pale pale, huenda ni ugonjwa wa siku nyingi, kama wa figo. Atapima na umeme wa moyo.

Sisi nyumbani tuna desturi ya kuuliza habari za mkono na mguu tu: ataweza kutembea lini? Tuulize pia: moyo wake umepimwa? Katika wiki za kwanza baada ya kiharusi, moyo huua wengi ambao ubongo umewaacha hai.

Mwisho, mtu akipindika mdomo, akilegea mkono, au maneno yakimchanganyika, apelekwe hospitali saa ile ile. Dawa ya kuyeyusha bonge, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na kipimo cha troponini kisiicheleweshe. Kuzunguka kwa waganga kwanza ni kuumaliza muda huo. Nasi wenye umri, tupime shinikizo la damu kabla halijatupima sisi.