Safari ya Polepole Kati ya Mahame na Magofu

Haya ndiyo maneno ya mazungumzo juu ya mambo ya kale yanayoweza kutazamwa na msafiri atokaye Kisii na Nyamira.



Hame na gofu si kitu kimoja. Hame ni mahali palipokaliwa na watu, kisha wakahama. Gofu ni jengo lililobomoka, kuta zake zikabaki. Msafiri atokaye mjini Kisii kwa gari, mwenye siku mbili za mapumziko, aweza kuyaona yote mawili, mradi asiende kwa haraka.

Yafaa aanze asubuhi, kwa maana mvua za Kisii mara nyingi hunyesha alasiri. Njia hupanda kuelekea vilima vya Manga, katika Kaunti ya Nyamira. Juu ya genge lake huonekana migomba, mashamba ya chai na nyumba nyingi zilizokaribiana, wala hapana gofu hata moja. Wagusii wa kale walijenga kwa miti, udongo na nyasi, na vitu hivyo huoza. Hata ebisarate, yaani kambi za ng'ombe zilizolindwa na vijana, zilikomeshwa na Serikali ya Kiingereza yapata mwaka 1912 na 1913.

Hata hivyo, mambo makubwa yalitendeka katika nchi hiyo. Mwaka 1908 Otenyo, akihimizwa na mwaguzi Moraa, alimchoma mkuki Bwana G. A. S. Northcote, ofisa wa Serikali. Bwana huyo alipona, lakini askari waliletwa, watu wakauawa, nyumba zikachomwa na ng'ombe wengi wakachukuliwa. Tena, tarehe 12 Septemba 1914, Waingereza na Wajerumani walipigana vita hapo Kisii. Habari hizo hazikuandikwa juu ya ukuta wowote. Zimekaa vinywani mwa wazee waliozipokea kwa baba zao. Basi msafiri na ashuke garini, aamkie "Bwakire," aketi na kusikiliza. Apitaye mbio ataona migomba tu.

Siku ya pili aweza kupitia Tabaka, ambako mafundi huchonga mawe laini yachimbwayo hapo hapo, kisha ashike njia ya Migori. Yapata kilomita 46 kaskazini magharibi ya mji huo ndipo lilipo gofu lenyewe, Thimlich Ohinga. Hizi ni boma za mawe, ambazo wataalamu hudhani zilijengwa katika karne ya 16. Kuta zake zina urefu wa kwenda juu wa meta 1.5 hadi 4.5, na unene wa meta 1 hadi 3. Vizazi vya watu wa lugha mbalimbali vilikaa humo kwa zamu, wakijilinda wao na mifugo yao. Milango ni mifupi, hata aingiaye hana budi kuinama. Mwaka 2018 UNESCO iliandika mahali hapo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

La ajabu ni kwamba kuta hizo hazina saruji wala udongo wa kushikiza. Mafundi walipanga mawe ya upande wa nje na ya upande wa ndani, wakajaza mawe madogo katikati ili pande hizo mbili zishikamane. Kila jiwe hulishika jingine. Mtoto akipanda ukutani, au mgeni akichukua jiwe moja dogo kuwa ukumbusho, yaliyo juu yake hulegea, na mvua humaliza kazi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 huyalinda mambo ya kale, lakini askari mmoja hawezi kulinda kila jiwe. Heshima ya wageni ndiyo ngome iliyo bora.

Mahame ya Gusii nayo yako katika hatari iyo hiyo. Mzee mmoja akifa bila kuulizwa, jiwe moja limeanguka, wala hapana fundi wa kulirudisha. Kwa hiyo msafiri ampeleke mwanawe pamoja na daftari, aandike jina la kilima, jina la ukoo na habari aliyosimuliwa. Wazee wetu walisema, penye wazee haliharibiki neno. Lakini ni lazima awepo kijana wa kulipokea.