Kuambia na Kuambiwa Kazini

Mazungumzo kwa wasimamizi wa kazi na viongozi wa vyama



Katika miaka ya 1970 wanawake wa Mraru, karibu na Voi katika Taita, walikuwa na shida moja kubwa. Wakitaka kupeleka mazao sokoni Voi, mabasi yalikuwa machache, na nafasi zilipojaa wao ndio walioachwa njiani. Wakachanga fedha kidogo kidogo, wakakopa zilizopungua, na mwaka 1975 wakanunua basi lao wenyewe. Mwaka 1980 habari zao zilichapwa katika kijitabu huko New York.

Watu husifu sana ununuzi ule. Lakini kununua gari ni kazi ya siku moja. Kuliendesha ni kazi ya kila siku, na hapo ndipo kiongozi hupimwa. Mwanachama aliyetoa shilingi zake, kisha akaachwa kituoni na basi lililo lake, ana haki ya kusema, hata akisema kwa ukali. Kiongozi asikimbilie kumtetea dereva. Amwulize: siku gani, saa ngapi, wapi? Aandike. Kisha, na hili ndilo linalosahauliwa mno, amrudie na kumweleza lililofanyika. Asipomrudia, lalamiko hugeuka manung'uniko, na michango ya mwezi ujao huchelewa.

Kumwambia mtumishi nako kuna adabu yake. Mathalani, fedha za kondakta zimepungua kuliko tikiti alizokata. Yuko msimamizi ambaye humkaripia mbele ya abiria, akidhani ndiyo nguvu. Abiria watacheka, na kesho yake kondakta huyo hataweza kumwambia mtu asogee nyuma akasikilizwa. Afadhali aitwe peke yake jioni ile ile, vitabu vya tikiti vikiwa mezani, aulizwe kwanza hesabu imekwendaje. Huenda alikosea kurudisha chenji. Huenda ameiba. Mambo hayo mawili hayasemwi kwa maneno mamoja.

Liko gumu zaidi. Dereva ndiye wa kwanza kusikia breki zikilia, na mkubwa hapendi habari hiyo, kwa kuwa matengenezo hula faida. Dereva aliyekaripiwa mara mbili kwa kuileta, mara ya tatu atanyamaza. Na barabara za milima ya Taita zina kona na miteremko mikali. Dereva asemaye ashukuriwe mbele ya wenzake, na basi lipelekwe gereji siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni siku ya soko.