Jina la Meli na Kura ya Watu



Mwaka 2015 meli Liemba ilitutoa Kagunga ikatufikisha Kigoma. Jina lake tulilikuta, nalo ni jina la kale la Ziwa Tanganyika lenyewe.

Mwaka uliofuata, Uingereza iliwaomba wananchi wapendekeze jina la meli mpya ya utafiti. Jina la mzaha, Boaty McBoatface, likaongoza kwa kura zaidi ya 124,000. Wakubwa wakaiita Sir David Attenborough. Lile la mzaha likaachiwa chombo kidogo cha kuzama majini.

Tulicheka, kisha tukatafakari. Kamati ikiwaiteni kupiga kura, tutasema mapema: ni uamuzi, au ni maoni tu? Mkimbizi amechoka kuulizwa bure.